Namna ya kuendesha somo la uraia mtaani bila kumwacha nje mwenye ulemavu: mwongozo kwa wanaoanza, Mwanza

Maswali ni yale yale. Mwalimu wa Igoma anauliza mkalimani wa lugha ya alama anapatikana wapi. Kiongozi wa vijana wa kanisa kule Nyakato anauliza kama ni lazima achapishe nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Mama wa kikundi cha kuweka na kukopa Kirumba anauliza kwa nini walizungusha kipaza sauti siku mbili nzima, akaja mtu mmoja tu mwenye ulemavu, naye akakaa nyuma hadi mwisho bila kutamka neno. Haya ndiyo majibu yangu yote, mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Ninaposema somo la uraia hapa nina maana ya kikao cha saa mbili, watu 20 hadi 40, mtaani kwenu, kinachowafundisha wakazi nani anaamua nini na wao wanaingia wapi. Kikao hicho hakiishii kwenye kupiga makofi. Kinazaa hoja moja inayopelekwa kwenye mkutano wa mtaa na mtu mwenye ulemavu mwenyewe, kwa mdomo wake au kwa mikono yake. Hilo ndilo ninalolisimamia katika mwongozo huu wote. Kumkalisha mtu kwenye kiti na kumsomea haki zake ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Kipimo kimoja kabla hatujaanza. Sensa ya 2022 ilikuta kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Ukiitisha mkutano wa watu 200, wastani huo ungekuletea watu wapatao 22. Wakija wawili, usiseme mtaa wenu hauna watu wenye ulemavu. Wapo majumbani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mwenza wa kuongoza somo ambaye ana ulemavu. Huyu ni wa kwanza, si nyongeza.
- Wiki tatu za maandalizi. Kwa wiki moja utaishia kualika wale wale wanaojulikana.
- Barua ya taarifa kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wake, nakala kwa mtendaji wa kata.
- Fedha ya mkalimani na ya nauli za bajaji. Kama fedha inatosha soda za watu wote au mkalimani, chukua mkalimani. Maji ya kunywa yanatosha.
- Nakala ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010.
- Karatasi za manila na kalamu nene nyeusi au ya bluu iliyokolea. Nyekundu na njano ziache. Mwenye uoni hafifu hazioni vizuri.
- Kipaza sauti kidogo cha betri, kimechajiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Usitegemee umeme wa ukumbini.
- Simu ya kurekodi sauti.

Hatua ya 1: Pata mwenza, kisha ndipo upange

Watu wengi hupanga kila kitu halafu wakamtafuta "mwakilishi wa walemavu" siku mbili kabla, aje kutoa neno la shukrani. Usifanye hivyo. Mtafute mapema, mkae chini, mchague pamoja mada, mahali na saa. Atakuuliza mambo ambayo wewe hungeyawaza: choo kina ngazi ngapi, nani anafunga geti, daladala ya kule inamwacha mtu umbali gani.

Pa kumtafutia papo. Vyama vya watu wenye ulemavu vimeunganishwa katika SHIVYAWATA, na ndani yake kuna CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona, Chama cha Watu wenye Ualbino, CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania) na vingine. Uliza kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako, Nyamagana au Ilemela, wakuunganishe na viongozi walio karibu nawe. Mlipe mwenza wako kama unavyomlipa mwezeshaji mwingine yeyote. Kumwambia "hii ni kwa faida yenu" halafu mwezeshaji asiye na ulemavu akaondoka na bahasha ni dhuluma, na watu huiona.

Hatua ya 2: Nenda ofisi ya mtaa

Peleka barua, sema wazi kuwa hakuna chama cha siasa ndani yake, na siku ya somo mtu asivae sare ya chama. Omba mambo mawili: tarehe ya mkutano ujao wa mtaa, na majina ya wajumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa. Sheria ya 2010 imeweka kamati hizo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mtendaji akikuambia haipo, usibishane naye. Andika tu, huenda hoja yenu ya kwanza mmeshaipata.

Tahadhari: elimu ya uraia na elimu ya mpiga kura si kitu kimoja. Taasisi inayotaka kufundisha watu namna ya kujiandikisha na kupiga kura wakati wa uchaguzi huomba kwanza kibali cha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kueleza mtaa unavyoendeshwa na haki za mkazi ni jambo jingine. Usichanganye mawili hayo kwenye barua yako, utajitafutia kuzuiliwa bure.

Hatua ya 3: Kapaone mahali kwa miguu yako

Hapa ndipo Mwanza inapotushinda, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo, Kitangiri: nyumba zimepanda mlima, na njia nyingi ni ngazi za mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Ofisi ya mtaa inaweza kuwa hatua mia moja tu kutoka barabarani na bado mtu wa kiti mwendo asiifikie maisha yake yote.

Jaribio rahisi: tazama kama mkokoteni wa madumu ya maji unafika hadi mlangoni. Kama mwenye mkokoteni anauacha chini na kubeba madumu kichwani, basi mahali hapo hapafai. Lishushe somo chini, barabarani.

Ukishapata eneo la tambarare, kagua haya, kila kimoja kwa macho yako:

Mlango. Pima upana kwa kiti mwendo halisi. Mwombe mwenza wako au mwenye nacho. Madarasa mengi ya shule za msingi yana baraza lenye ngazi moja au mbili. Ngazi moja inazuia sawasawa na kumi. Ubao mnene na mpana, ulioegemezwa kwa mlalo mrefu na kushikizwa usiteleze, unaweza kusaidia. Ubao mfupi uliosimama wima ni hatari, unamwangusha mtu kinyumenyume.

Choo. Watu huruka hapa. Mtu asiyeweza kuingia chooni hatakunywa maji tangu asubuhi, atakaa saa mbili akiwaza kuondoka, na hatauliza swali lolote. Choo kisichoingilika kinatosha kubadilisha ukumbi.

Kivuli. Ukikaa chini ya mwembe, kumbuka kuwa kivuli cha saa nne sicho cha saa tisa. Nenda saa ile ile ya somo, uone jua linapigia wapi. Kwa mwenye ualbino jua la ziwani si la kuvumilia. Ngozi inaungua na macho yanashindwa kuona mbele. Viti vya kivulini viwe vya kutosha, wasilazimike kuviomba.

Upepo na kelele. Karibu na mwalo, mchana upepo wa ziwa unabeba sauti, na injini za boti zinamalizia kilichobaki. Mwenye usikivu hafifu hataambulia kitu. Bora darasa lenye madirisha.

Hatua ya 4: Siku na saa

Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumamosi utawakosa Wasabato, nao huku kwetu ni wengi. Kwa mitaa mingi Jumapili saa nane hadi saa kumi inafaa: ibada zimekwisha, na watu wanarudi kwao kungali mchana. Usivuke saa kumi na moja. Asiyeona na mwenye ualbino wasitembee gizani kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Kanda yetu ya ziwa inajua vizuri kwa nini familia za watu wenye ualbino hazitaki jua liwazamie njiani.

Kwa mitaa na vijiji vya wavuvi, tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na asubuhi akina mama wako kwenye vichanja na mchanga wakianika. Kipindi cha mbalamwezi kazi inapungua na watu wako nyumbani. Panga hapo.

Hatua ya 5: Alika nyumba kwa nyumba

Kipaza sauti hakimfikii kiziwi, na tangazo la ukutani halimfikii asiyeona. Lakini hata anayesikia na kuona vizuri hatakuja kama miaka yote mkutano umekuwa ukimhusu mtu mwingine. Mwaliko lazima umfikie yeye, kwa jina lake.

Anza na mwenyekiti na wajumbe wake, wanazijua nyumba. Ongeza mwalimu mkuu wa shule yenye kitengo cha elimu maalumu, maana wazazi wa watoto hao ni wakazi wenye maswali mengi kuliko wote. Ongeza mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii.

Ukifika nyumbani, salimia wakubwa kama inavyopasa. Kama bibi wa nyumba anasema Kisukuma tu, nenda na anayekijua. "Mwadila" iliyotoka kwa moyo inafungua mlango ambao barua haifungui. Kisha omba kuzungumza na mwenyewe. Kaa, macho yenu yawe sawa, mwelekee yeye. Muulize mambo matatu: Utafikaje? Ukifika utahitaji nini? Ungependa kusindikizwa na nani? Andika majibu. Ndiyo yatakayokuambia idadi ya bajaji, wakalimani na nakala za maandishi makubwa.

Kosa la kawaida: kuzungumza na kaka yake mlangoni, akakujibu "huyu hawezi mambo hayo," ukaaga ukaondoka. Rudi siku nyingine na mwenza wako. Ndugu akimwona mtu mwenye ulemavu amekuja kama kiongozi wa somo, mazungumzo hubadilika.

Siku mbili kabla, kumbusha: kiziwi kwa ujumbe wa maandishi mfupi au video ya alama, asiyeona kwa kupiga simu.

Hatua ya 6: Mkalimani na vifaa vya kusomea

Mkalimani wa lugha ya alama mpate kupitia CHAVITA. Kwa saa mbili chukua wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Akili na mikono huchoka, na mkalimani aliyechoka huanza kufupisha. Malipo na nauli kubalianeni mapema, kwa maandishi. Wape maneno ya somo siku chache kabla: diwani, mtendaji, bajeti, muhtasari, rufaa, halmashauri. Wanahitaji muda wa kukubaliana alama.

Mkalimani asimame kando ya mzungumzaji, mwanga ukimpiga usoni. Dirisha likiwa nyuma yake, viziwi wataona kivuli tu. Avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake.

Sasa jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Viziwi wengi watu wazima, hasa wa visiwani na vijijini, hawakwenda shule, na Lugha ya Alama ya Tanzania hawaijui. Wana alama zao za nyumbani, walizozitunga na mama au dada zao. Mkalimani bora kabisa hataelewana nao peke yake. Kwa hawa unahitaji mnyororo: mkalimani, kisha kiziwi mzoefu mwenye kipaji cha kueleza kwa vitendo na picha, na ndugu anayejua alama za nyumba ile. Ni polepole. Ipangie muda.

Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake. Unambebesha mzigo, na mzazi hatauliza la moyoni mbele ya mwanawe.

Kuhusu nukta nundu: muulize mtu kwanza. Aliyesoma shule ya wasioona huisoma. Aliyepoteza uoni ukubwani mara nyingi haijui, na karatasi yako nzuri itakuwa pambo. Kwa huyo, rekodi muhtasari wa somo kwa sauti, dakika tano au sita, umtumie kwa simu. Kwa wanaoisoma, zungumza na Chama cha Wasioona au na shule yenye wanafunzi wasioona, kama Mitindo kule Misungwi. Wapo walimu wanaoiandika. Uoni hafifu: maandishi ya ukubwa wa 18 kwenda juu, meusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, mistari isibanane.

Kwa wenye ulemavu wa akili tumia picha na vitu halisi. Muhuri wa ofisi, risiti ya ushuru, daftari la mahudhurio: ukimkabidhi mtu mkononi anaelewa haraka kuliko maneno ishirini.

Hatua ya 7: Dakika 15 za kwanza

Eleza mahali kwa maneno: mlango uko wapi, choo kiko upande gani, nani wamekaa wapi. Kila anayezungumza ataje jina lake kwanza, kila mara, ili asiyeona ajue ni nani na mkalimani amwonyeshe kwa viziwi. Azungumze mmoja tu kwa wakati mmoja. Kiti mwendo, magongo na fimbo nyeupe ni sehemu ya mwenyewe. Usivisogeze bila ruhusa hata kama vimekaa njiani.

Wachanganye watu. Usitenge "safu ya walemavu" mbele wala nyuma. Isipokuwa viziwi: hao wakae wanapomwona mkalimani vizuri.

Hatua ya 8: Fundisha mambo matatu tu

La kwanza, nani anaamua nini. Chora ngazi kwenye manila: mtaa, kata, halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanachaguliwa, mtendaji ameajiriwa. Diwani anaongoza kamati ya maendeleo ya kata na anakaa kwenye baraza la halmashauri. Asiyeona mchoree kwa kugusa: vizibo vitatu juu ya meza, kidogo, cha wastani, kikubwa.

La pili, haki imeandikwa wapi. Taja chache, kwa namba, ili mtu aweze kuzirudia ofisini. Ibara ya 13 ya Katiba: watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 18: uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa. Ibara ya 21: haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na sheria yetu ya 2010 ikafuata. Usisome ibara nzima nzima. Watu husinzia, na mkalimani anateseka.

Fedha ndiyo huamsha ukumbi, kwa hiyo ieleze vizuri. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fanya hesabu mbele yao. Mapato yanayohusika yakiwa shilingi bilioni 1, fungu la watu wenye ulemavu ni milioni 20. Wapo wanaoamini mikopo hii ilikufa, kwa sababu ilisitishwa mwaka 2023. Ilirejeshwa mwaka uliofuata. Waelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wakaulize masharti ya sasa. Usiwaahidi mkopo; wewe hutoi.

La tatu, mtu kama mimi anaweza kuongoza. Usihubiri, toa majina. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008 akiwa mtu mwenye ualbino. Salum Bar'wany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi akawa naibu waziri mwaka 2015. Halafu uliza ukumbi: ni nani hapa kwetu aliwahi kugombea ujumbe wa mtaa? Nyamaza, wapeane habari.

Hatua ya 9: Mkutano wa mfano

Dakika 45, zisikatwe. Chagueni mwenyekiti, naye awe mtu mwenye ulemavu. Katibu vilevile ikiwezekana. Ajenda moja: kero ipi ya mtaa huu tuipeleke mbele? Watu wanyooshe mkono, mwenyekiti atoe nafasi, katibu aandike. Kura zipigwe kwa kunyoosha mkono na kuhesabiwa kwa sauti, ili asiyeona ajue matokeo kama wengine.

Saidia hoja ipungue hadi iwe kitu kinachoshikika. "Watu wenye ulemavu tusaidiwe" haiandikiki kwenye muhtasari kwa namna ya kufuatiliwa. "Mtaro wa njia ya kwenda zahanati ufunikwe pale mfuniko ulipovunjika" inaandikika. "Bomba la kioski cha maji lishushwe ili wa kiti mwendo afikie" inaandikika. "Mkutano wa mtaa ufanyike uwanja wa shule, si juu ofisini" inaandikika, na ningeshauri wengi waanze na hiyo, maana haigharimu hata shilingi na inafungua mlango wa hoja nyingine zote.

Tahadhari: wewe usishike kalamu wala usikamilishe sentensi ya mtu mwenye kigugumizi au anayezungumza kwa shida. Subiri. Kama hujaelewa, sema "rudia tafadhali." Kujifanya umeelewa ni kumdharau.

Mwishoni mchague nani atasema hoja kwenye mkutano halisi, na nani atasimama naye. Afanye mazoezi pale pale, dakika mbili, mara mbili au tatu.

Hatua ya 10: Mkutano halisi wa mtaa

Peleka hoja kwa maandishi kwa mtendaji mapema, mkaombe iingie kwenye ajenda. Ikiachwa hadi "mengineyo," jua litakuwa limezama na watu wameshaondoka. Nenda na mkalimani yule yule. Msemaji aseme mwenyewe. Ninyi wengine kazi yenu ni kuja, kukaa karibu na kusikiliza.

Hoja ikikubaliwa, ulizeni mambo mawili palepale: nani atafanya, na lini. Kwenye mkutano unaofuata, muhtasari utasomwa. Kama hoja haimo, msemaji wenu anyooshe mkono aombe irekebishwe kabla muhtasari haujathibitishwa. Huko ndiko kushiriki.

Ikikwama

*Mkalimani hakutokea.* Usiendelee kana kwamba hakuna kitu. Waulize viziwi wenyewe: tuahirishe, au tuandike? Kama wanasoma, mtu aandike hoja kuu kwenye manila wakati wa mazungumzo. Kama hawasomi, ahirisha sehemu yao na uwape tarehe.

*Ndugu anajibu kila swali badala yake.* Mpe ndugu kazi: agawe maji, aandike mahudhurio upande wa pili wa ukumbi. Kisha mrudie mwenyewe na swali lile lile.

*Wanawake wenye ulemavu hawakuja, wamekuja wanaume tu.* Mara nyingi ni nauli, watoto, au hofu ya njiani. Alika na mama mwingine wa jirani aje naye, bajaji moja iwachukue wawili, na watoto waruhusiwe kuingia.

*Konda wa daladala alikataa kupakia kiti mwendo.* Bajaji ya kukodi, iliyopangwa jana yake na dereva ambaye mtu mwenyewe anamwamini. Andika tukio hilo. Linaweza kuwa hoja ya mkutano mwingine.

*Watu wanadai posho.* Sema tangu siku ya mwaliko: nauli ipo, posho haipo. Ukisema siku ya tukio utaonekana umeila.

*Mtu anauliza: "Huyu mwenye ulemavu wa akili anaruhusiwa kweli kupiga kura?"* Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, na inaliruhusu Bunge kuweka masharti kwa sababu chache, mojawapo ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili si ugonjwa huo, na jirani au karani hana mamlaka ya kumpima mtu kwa kumtazama. Waambie pia kuwa mpiga kura asiyeweza kuweka alama mwenyewe anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na kwamba vituoni watu wenye ulemavu hupewa kipaumbele kwenye foleni.

*Mvua imeanza na mlikuwa chini ya mti.* Uwe na darasa la akiba lisilo na ngazi, na mwenye ufunguo awe amekubali kabla. Viti mwendo vitangulie kuingia, maana udongo ukilowa magurudumu yanazama.

*Mtendaji anasema hakuna nafasi kwenye ajenda.* Omba jibu hilo kwa maandishi, kwa heshima. Kisha mpelekee mtendaji wa kata na diwani nakala ya hoja, pamoja na orodha ya waliohudhuria na saini zao. Asiyeandika aweke dole gumba.

*Mko Ukerewe au visiwa vidogo.* Usiwalete watu Nansio, mji mkuu wa Ukerewe. Kumpandisha mtu wa kiti mwendo mtumbwini ni kumbeba mgongoni, na wengi hawataki kubebwa mbele za watu. Peleka somo kisiwani kwao, ninyi ndio mpande chombo. Ratiba ya kivuko cha Rugezi na Kisorya au ya meli ya Mwanza itaamua saa zenu, kwa hiyo laleni huko, somo lifanyike kesho yake asubuhi kabla jua halijawa kali, na mkalimani mmlipe siku mbili.